Anayevuta Pumzi Kabla ya Siwema

Siwema alikuwa ameshika maiki, macho ameyafumba, amegeukia ukutani kidogo kama kawaida yake. Akashuka ndani ya nafsi yake kwenda kumchukua mwanawe, na mwanawe hakuwepo.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga mwali, ya binti mmoja wa Sakina, jua la alasiri bado kali, kina mama wamejaa ukumbini na vitenge vyao vya sare. Siwema ndiye aliyeitwa kuimba. Kaloleni yote walimjua, na hata huku juu kwa Waarusha na Wameru walimjua: ukitaka mama wa bibi harusi alie mpaka ashikwe mabega, mwite Siwema, mke wa Omary fundi magari. Nyimbo alikuwa nazo nyingi, lakini waliyomwitia hasa ilikuwa hii moja:

Mlango nimeuacha wazi, mwanangu,
mlango nimeuacha wazi;
upepo ukiugusa nitainuka,
nitasema ndiye wewe.

Sasa, kila mwimbaji ana namna yake ya kuubeba wimbo. Esther wa kwaya alikuwa na kitambaa cha mkononi, akifika beti la mwisho anajigusa macho makavu, na watu wanalia vilevile. Wengine wanamtazama mama mwenye shughuli usoni, wanaazima kwake. Siwema yeye alikuwa na ghala lake. Mtoto wake wa kwanza, Saadi, alichukuliwa na homa kabla ulimi haujakomaa, maji akiyaita "mai." Kila alipofika beti la mwisho, Siwema alifumba macho akashuka huko chini alikomweka, akakinusa kichwa chake kilichotoka kuogeshwa, sabuni na mafuta ya nazi, akasikia vidole vyake vimemshika sikio, kisha akapanda navyo juu, na sauti ikatoka imebeba vyote. Ndiyo siri yake. Miaka yote alimtumia Saadi hivyo, kwenye harusi za watu, na Saadi alikuwa anakuja.

Siku hiyo akashuka akakuta pamefagiliwa. Unakijua chumba cha mpangaji aliyehama? Misumari tu ukutani. Hakuumia. Alisimama humo akashangaa kwa nini amekuja.

Lakini sauti juu huku ilikuwa inaendelea. Ilikuwa inalia yenyewe, vizuri kuliko siku zote, na mama wa bibi harusi akateleza kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni. Siwema akasikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Wimbo ukaisha, akapigiwa vigelegele.

Wakati wa kufungasha vyombo, Lemomo mpiga kinanda, kijana wa Kiarusha mwenye maneno mengi, akamwambia, "Mama Najat, leo umeniyumbisha. Beti la mwisho umevuta pumzi mara mbili, mimi nikaingia mapema."

"Mimi navuta mara moja, Lemomo. Unanijua."

"Nimesikia kwenye spika, mama. Moja, halafu kimya kidogo, halafu yako." Akacheka huku anakunja waya. "Basi labda maiki nayo ina pepo, tuipeleke ikaombewe."

Siwema hakucheka. Na wala hakuogopa.

Kesho yake Omary alikuwa uani ananawa grisi mikononi. Omary, tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe, alikuwa akimwita mkewe Mama Saadi, na hata alipozaliwa binti yao Najat, majirani wakageuza wakamwita Mama Najat, yeye hakugeuza. Akaita, "Mama Saadi, niletee taulo." Siwema yuko jikoni anamenya ndizi. Akaita tena, "Mama Saadi!"

"Unamwita nani?" Siwema akauliza.

Omary akaja mlangoni na mikono inadondosha maji. "Nakuita wewe."

"Saadi ni nani?"

Yule mwanaume alisimama pale mpaka mikono ikakauka yenyewe. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa, "Saadi ni mwanetu. Tulimzika Njiro."

"Aa," Siwema akasema. "Sawa." Akaendelea kumenya. Alilishika kama unavyoshika habari za jirani, kwamba fulani alikuwa na mtoto, akafa. Tangu siku hiyo Omary akaanza kumwita Mama Najat kama watu wengine.

Aliendelea kuitwa kuimba. Saadi akiwa hayupo, Siwema alishuka akamchukua mama yake mzazi, alivyokuwa akichokoa moto asubuhi huku anawaamsha kwa kuwatania. Wakalia watu, na aliporudi nyumbani sauti ya mama yake haikuwemo tena. Akachukua siku ya ndoa yake. Wakalia watu, na Omary akabaki ndani ya nyumba kama mpangaji mzuri, mpole, asiyesumbua. Kila mara pumzi ile ilimtangulia, na kila mara ile harufu ya majivu mabichi. Angehuzunika, lakini yule wa kuhuzunika ndani yake naye alikuwa anapunguzwa. Alikula, akafua, akaitika salamu. Kitu kikidondoka kikavunjika alikizoa.

Akaacha kuimba. Alidhani akifunga mdomo, kitu kile kitaondoka.

Ilikuwa jioni moja, taa hazijawashwa bado, mlima umejifunika mawingu, naye yuko peke yake jikoni anaosha sufuria, ndipo akasikia mtu anavuta pumzi nyuma ya shingo yake, taratibu, kama afanyavyo mwimbaji anapojiandaa, akageuka, hakuna mtu, akarudi kwenye sufuria, na pumzi ikavutwa tena, safari hii karibu na sikio, kisha karibu zaidi, kisha akatambua kwamba haiko sikioni, iko ndani ya koo lake mwenyewe, na midomo yake, ambayo alikuwa ameifunga, ambayo aliibana kwa kiganja chenye povu, ilikuwa inatetemeka kwa wimbo unaopita puani, mlango nimeuacha wazi, mwanangu, mlango nimeuacha wazi, na kitu kikiwa kinapapasa huko chini gizani, rafu kwa rafu, kama mgeni aliyeachiwa nyumba anayetafuta kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Najat.

Omary akamleta maalim. Maalim akafukiza ubani, akasoma, akampa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, anywe, akamwamuru jini aseme jina lake na anataka nini. Jini hakusema. Aliimba kwa kupitisha puani tu, taratibu, kupitia mdomo wa Siwema uliofungwa, na maalim, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akaanza kutokwa na machozi mpaka akafunga msahafu.

"Baba Najat, nitakwambia kweli," akasema akijifuta. "Mimi nimezoea majini wanaodai. Huyu nguo nyekundu, huyu damu, huyu marashi. Lakini huyu wa mkeo hadai. Huyu anapewa. Mkeo amemfundisha kula kutoka mkononi, kama mbuzi wa nyumbani. Mimi sina dawa ya anayepewa."

Na katika hali hiyo Najat akaposwa. Kijana ni wa Nduruma, mkulima wa vitunguu, wa ukoo wa watu wanaoswali, hana kasoro. Najat alikuwa msusi, ana kibanda chake barabara ya Nairobi, mdomo wake mkali na moyo wake laini. Alikuwa anamwona mama yake amepoa, akadhani ni uchovu, au ni kwa sababu yeye anaondoka.

"Mama, sendofu yangu utaimba wewe."

"Muite Esther."

"Esther! Umewaimbia watoto wa watu wote Arusha hii, mimi wa tumboni mwako niimbiwe na Esther na kitambaa chake kikavu? Watu watasema nini? Watasema mama yake hakumpenda."

Siwema akamtazama. Alimwona vizuri, meno yake ya mbele yaliyoachana kidogo, kovu la kidevuni alipoanguka kwenye ngazi za madrasa. Bado alikuwa naye, mzima mzima. Na akajua kwamba siku hiyo atakapofika beti la mwisho, miguu itashuka yenyewe kwa mazoea, na huko chini hakuna kingine cha kuchukua. Atamwaga mwanawe kwa wimbo, na kesho yake atauliza Najat ni nani.

"Nitaimba," akasema. Hakuweza kukataa bila kueleza, na kueleza hakuweza.

Akapanda kwa Koko Nalepo, koko ndivyo Waarusha wanavyomwita bibi, huko juu ya Sakina, migombani. Huyu ndiye aliyemfundisha kuimba wakati Siwema ni binti mdogo na mama yake anauza kitumbua mlangoni kwa huyu bibi. Alikuwa mwimbaji wa Kiarusha, harusi na tohara, halafu Mlutheri wa mbele kanisani. Sasa masikio yamechoka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapukuchua maharage.

"Shikamoo koko."

"Marahaba. Umekonda sauti. Hata 'shikamoo' yako imekonda. Kaa, pukuchua, sipendi mtu anayeongea mikono mitupu."

Siwema akapukuchua, akaeleza yote, kwa sauti ile iliyolala, kama anayesoma bei. Koko Nalepo alisikiliza amemwekea sikio zuri.

"Nilikwambia," akasema mwishowe. "Ulikuwa mdogo hivi nikakwambia, imba huku unamtazama mama mwenye mtoto. Machozi ni yake, mwache alie yeye. Wewe ni mfereji, maji yapite. Sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Lakini wewe ulitaka walie sana. Ukaenda kuchimba kwako. Mtu akichimba kila siku palepale, shimo linakuwa la kuishi. Akaja mtu akaishi." Akatupa ganda pembeni. "Wimbo nao ukautumia ule ule."

"Nifanyeje, koko?"

"Ukikaa kimya anajipekulia mwenyewe, umeshaona. Inabidi umwalike mezani halafu umnyime. Pale pale alipozoea. Imba kama debe. Fikiria vyombo vichafu, fikiria nauli, fikiria kunguni. Usishuke. Watu wakucheke, wakuzomee, wewe usishuke. Akivuta pumzi yake, aivute akute hewa. Anayekula hisia hakai kwenye jiwe."

"Na ataondoka?"

"Ataondoka. Lakini sikia." Akamshika kifundo cha mkono, vidole vyake vikavu kama maganda yale. "Wimbo huo ufie mkononi mwako. Mnajua mlivyo, mwimbaji akikwama wenzake wanaupokea ili shughuli isiingie nuksi. Siku hiyo mtu asiupokee. Atakayeupokea, ameupokea pamoja na huyo anayeishi ndani yake."

Siwema akashuka akawaambia wote. Akamwambia Lemomo: nikiharibu, zima kinanda, weka muziki wa disko. Akamwambia Esther: hata nikianguka, usifungue mdomo. Akawaambia waitikiaji wake mmoja mmoja, wakamwapia. Hakuna aliyesahaulika, isipokuwa mmoja ambaye hakuna mtu angemfikiria, kwa sababu mwali siku ya kuagwa haimbi. Mwali anafunikwa ushungi, anainamisha kichwa, anaagwa. Tangu watu waanze kuagana haijasikika mwali ameimba.

Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vya kijani na dhahabu. Mashangazi wa Najat walikuja toka Moshi, wakwe toka Nduruma, majirani wa Kaloleni, wateja wa kibanda na nywele zao mpya. Keki ikakatwa. Mawaidha yakatolewa. Kisha mshereheshaji akasema, "Na sasa kina mama shikeni leso zenu, maana mnamjua anayekuja," na ukumbi ukanyamaza.

Siwema akasimama mbele ya mwanawe aliyefunikwa. Akaimba beti la kwanza kwa sauti ya mtu anayetangaza sabuni. Kina mama wakatazamana. Beti la pili sauti ikapasuka, akaiacha ipasuke. Akafikiria sufuria la ubwabwa lililoungua. Mmoja akacheka nyuma, akanyamazishwa. "Amezeeka huyo," mwingine akanong'ona, na minong'ono ya wanawake unaijua, husikika mpaka nje. "Mwanawe mwenyewe, jamani, hata hajali."

Kisha likaja beti la mwisho, na mbele ya kila mtu, kwenye spika zote, ikavutwa ile pumzi, ndefu, yenye njaa, na harufu ya majivu ikapanda kutoka sakafuni ikashika koo, na Siwema akasikia miguu ya ndani inataka kushuka, inamvuta kuelekea kule alikokuwa Najat na meno yake na kovu lake, na akajishika, akajishika kama mtu anavyoshika kizingiti mafuriko yanapopita, akahesabu kunguni, akahesabu nati za gereji ya Omary, akafungua mdomo na kutoa sauti ambayo haikuwa na mtu ndani, mbaya, bapa, ikaishia katikati ya mstari. Upepo ukiugusa. Basi. Hakuendelea.

Siwema akasikia kitu kinamtoka kooni, kama mwiba wa samaki unapotoka. Lemomo akanyoosha mkono kwenye mashine aweke disko.

Hakuwahi. Chini ya ushungi, mwali akapokea.

"Nitainuka," Najat akaimba. "Nitasema ndiye wewe."

Hajawahi kuimba mbele za watu huyu mtoto. Lakini alimsikia mama yake akichekwa, na moyo wake laini ukakataa. Akaufunua ushungi, akasimama, akaurudia wimbo toka mwanzo, macho ameyafumba, amegeukia ukutani kidogo. Sauti ilikuwa ya mama yake ya zamani. Wanawake walilia mpaka vipodozi vikachora mashavu. Siwema peke yake alikuwa anapiga kelele, "Nyamaza! Najat, nyamaza!" na watu wakamshika mabega wakisema, mwacheni mama wa watu alie, leo anaagana na mwanawe.

Kabla ya beti la mwisho Lemomo alisikia pumzi mbili. Alimtazama Siwema. Safari hii hakusema utani.

Ni kweli Siwema alipona. Saadi hakurudi, wala sauti ya mama yake, lakini asubuhi moja chai ilimuunguza akasema "aah!" na Omary akafurahi kama amepewa gari. Najat alikuwa naye bado moyoni, kila kitu, mpaka harufu ya mafuta yake ya nywele. Ndicho alichokipigania, akakipata.

Najat alipiga simu kutoka Nduruma. "Mama! Wameniita kwenye harusi ya jirani nikaimba. Walilia, mama, mpaka wanaume!"

"Ulifikiria nini ulipoimba?"

"Nilikufikiria wewe. Unavyoosha vyombo huku unaimba, mimi niko mgongoni kwako."

"Najat, usiimbe tena. Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha."

"Mama, usinionee wivu kwa sababu sauti yako imeondoka," akasema kwa upole, na hilo ndilo lililouma. "Wimbo ni wako. Mimi naubeba tu."

Baada ya hapo simu zikapungua. Alipopigiwa alikuwa na adabu. Kisha hakupokea.

Siwema akafunga vitumbua kwenye kikapu, akaenda Nduruma mchana. Wakwe walikuwa shambani. Akamkuta Najat peke yake uani, anaanika nguo, anaimba polepole, na nje ya uzio wanawake wawili wamesimama na ndoo zao wanasikiliza, machozi yanawatiririka. Siwema akasimama kwenye geti. Akasikia pumzi, kisha kimya kidogo, kisha pumzi ya mwanawe.

Najat akageuka. Meno yaleyale, kovu lilelile. Uso umetulia kama maji ya kwenye beseni.

"Shikamoo bibi. Karibu. Unamtafuta nani?"

Siwema alikuja na maneno. Njiani aliyapanga yote: utoto wake, ngazi za madrasa, jina la Saadi. Alitaka kumwambia, mimi ndiye niliyekubeba. Akafungua mdomo, na akaona nyusi za Najat zinakunjika kidogo, kama mtu anayesikia harufu anayoijua.

"Sura yako," Najat akasema. "Kama niliwahi..."

Na nyuma ya bega lake, pasipo na mtu, kitu kikavuta pumzi, taratibu, kikijiandaa.

Siwema akaelewa. Akimrudishia kumbukumbu, atakuwa amempa cha kuimbia, na kile kitu kitakila tena.

"Sura za wazee zinafanana, mwanangu," akasema. "Nimepotea njia. Natafuta stendi."

"Pole. Kaa kwanza, jua kali." Najat akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akampa kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama alivyofundishwa. Siwema akanywa yote. Akaacha kikapu pale kwenye kivuli, akamwambia ni vitumbua, wale watu wa nyumba hii wakirudi shambani. Alipofika kwenye geti, wimbo ulikuwa umeshaanza tena, na wale wanawake wawili nje hawakumwona akipita.

Jioni Omary alimkuta amekaa jikoni.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta. Mzima."

"Amesema nini?"

"Amenipa maji," Siwema akasema, akainuka kufunga mlango.